Ramani ya Mabomba

Injinia Ndeshi, ramani unayoiulizia
ililiwa na mchwa kwenye kabati la stoo,
mwaka ule paa lilipovuja na barua yangu ya kuomba bati
ikalala miezi saba mezani kwa mhasibu.
Waliacha kona moja tu: mshale wa kaskazini
na muhuri.

Kwa hiyo vua hivyo viatu vyeupe.
Nimebeba debe la majivu kutoka jikoni,
nitamwaga mstari, wewe piga picha kwa hiyo tableti yako,
ila tufanye upesi, mlima umejifunika tangu alfajiri
na mvua ya Aprili hapa Moshi haibishi hodi.

Tunaanzia kwenye tangi. Bomba la inchi nne
linashuka nyuma ya maktaba, linakunja hapa
penye nyasi mbichi kuliko zote.
Wageni wa mahafali huisifu bustani.
Mimi najua ni koki inayovuja tangu Pasaka ya mwaka juzi.
Niliomba washa. Washa ya shilingi mia tano.
Nilijaza fomu tatu.

Hili ni bweni la wasichana. Ufa huu
nimeuwekea alama ya penseli kila Januari:
ona, unasafiri, lakini kwa adabu.
Ule wa jengo la utawala usihangaike nao,
ni wa plasta tu; kila mkuu mpya huupaka rangi
akidhani ameanza kazi.

Sasa simama. Mstari wa majivu umekata kushoto.
Umeona? Hapakuwa na sababu ya kukata kushoto.
Na hicho ni kisiki.
Palikuwa na mjakaranda. Ukichanua, Oktoba,
njia yote hii ilikuwa zambarau, wahadhiri wakiteleza na mafaili yao,
Bi Aikande wa usafi akiyafagia maua na kunung'unika
huku moja limemnasa kilembani.
Mwaka tisini na nane maji machafu yakarudi juu, bwenini.
Kikao kikaitwa. Nikaulizwa. Nikasema: mizizi.
Msumeno ulifika siku ya pili.

Haikuwa mizizi.
Tulichimba usiku, mimi na marehemu Shao peke yetu,
tukakuta kiungo nilichokifunga mwenyewe
nikiwa kibarua wa miaka ishirini na miwili,
kimepanda pale kilipopaswa kushuka.
Kipimamaji sikuwa nacho. Nilipima kwa jicho, na kwa njaa.
Mzizi ulikuwa umepita pembeni, umejikunja kabisa,
kama mtu anayempisha mgonjwa kwenye korido.
Tukanyoosha, tukafukia. Shao akasema, "Mti haurudi,"
akawasha sigara.
Mwezi uliofuata nikapewa barua ya pongezi.

Sijawahi kulisema hili. Kwenye fomu ya makabidhiano
kuna mahali pa ngazi, pa ndoo, pa toroli moja bovu,
pa funguo mia moja na kumi na nne.
Mahali pa mti hakuna.

Unaandika nini?
Andika. Andika na jina, Aminieli, herufi zote.
Na ukitaka kupanda kitu hapo, hesabu hatua sita kutoka kwenye mstari.
Si kwa ajili ya bomba, bomba sasa limekaa sawa.
Ni kwa ajili ya mtu kama mimi
atakayekuja kutafuta wa kumsingizia.

Haya, matone hayo. Majivu yanaondoka.
Umepiga picha zote?
Basi shika funguo. Huu wenye uzi mwekundu ni wa chumba cha pampu:
usiulazimishe, uinue kidogo kwanza,
halafu washa, halafu ngoja.
Utasikia bomba likikohoa mara mbili.
Ya tatu ndiyo maji.